Kilo Ishirini na Mbuzi ya Nazi

Nilitoka Kasongo na sanduku la bati ambalo mama alilifunga kwa kamba ya katani, akakaza fundo mara mbili ili nisilifungue ovyo njiani. Ndani kulikuwa na blanketi, mashati matatu, viatu vya shule, sufuria yenye mfuniko na mfuko wa mchele wa kwetu. Nikapanda lori hadi Bukavu, siku nyingi za matope, tukilala chini ya turubai na kusukuma kila tulipokwama. Tulipofika, mchele ulikuwa umeliwa. Sufuria nikaiuza nipate nauli ya meli ya kwenda Goma. Goma viatu vikachukuliwa na dereva aliyenipa nafasi juu ya magunia ya maharage hadi Rutshuru na mbele zaidi. Mpakani blanketi lilibaki kwa askari mmoja ambaye alilitazama kwa muda mrefu, mpaka nikaelewa. Sanduku lenyewe likaenda Kasese, pamoja na mashati yaliyokuwamo, kwa mwanamke aliyekuwa akitafuta pa kuwekea unga. Pesa zake ndizo zilizonipandisha treni.

Kwa hiyo nilishuka Kampala asubuhi moja nikiwa na shati, suruali, na ile kamba ya katani, ambayo hakuna aliyeitaka. Nilikuwa kijana. Leo nimevuka arobaini, nimekaa miji mingi na kuiacha, na bado nikipita karibu na stesheni yoyote miguu huniwasha. Lakini mji ninaouota ni ule mmoja.

Nilikuta watu wakitembea haraka na kuzungumza polepole. Wahindi walikuwa wameshaondoka mwaka uliotangulia, maduka yao yamegawiwa watu wa serikali na wanajeshi, na sukari imekuwa kitu cha kupeana kwa siri kama barua ya mapenzi. Mtu aliyepewa duka aliitwa mafuta mingi. Mafuta mingi wangu alikuwa sajini mstaafu, aliyepewa ofisi ya uwakala wa ndege katikati ya mji. Aliniajiri kwa sababu moja tu: siku niliyoingia kuomba kazi ya kufagia, palikuwa na bwana mmoja kutoka Kinshasa akifoka kwa Kifaransa juu ya mizigo yake, na hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi. Kifaransa nilikipata shule ya sekondari ya mapadri. Kiingereza nilikuwa bado nakifukuza, lakini nilikuwa na mbio.

Nyuma ya ofisi palikuwa na ghala, na ghalani masanduku. Yalikuwa yameachwa na wale Wahindi walioambiwa wangeweza kubeba hili na siyo lile. Mengi yalikuwa matupu. Walihamisha vitu kutoka sanduku kubwa kwenda dogo, kubwa likabaki. Jingine lilikuwa na vazi la mtoto la kuchezea ngoma, lenye vioo vidogo. Nilipofagia mle nilifagia kwa kuzunguka, sikusogeza kitu.

Ndani ya droo ya aliyekuwa mwenye ofisi nilikuta kitabu cha masharti. Jioni, yule sajini, afande wangu, akishaondoka, nilikisoma. Msafiri wa daraja la kawaida alikuwa na haki ya kilo ishirini za mizigo ya kukabidhi, wa daraja la kwanza thelathini. Kila kilo iliyozidi ililipiwa sehemu moja katika mia ya nauli, na hapo ndipo watu walipopiga kelele, kwa maana iliyohesabiwa ilikuwa nauli ya daraja la kwanza, hata kama wewe umekaa nyuma kabisa karibu na choo. Koti ulilovaa halikupimwa. Mtoto wa kubebwa hakuwa na kilo zake. Na watu wawili wa safari moja, wakifika pamoja mbele ya mizani, mizigo yao iliweza kupimwa kama mzigo mmoja.

"Wewe Mukongo," afande aliniambia siku moja, "hii kilo si tunaweza kupunguzia mutu yenye tunajua?"

"Mizani iko Entebbe, afande. Siyo yetu."

Akafikiri. "Basi mizani nayo ilipata mutu wake," akasema, na hakuuliza tena.

Nilipanga chumba Namuwongo, bondeni chini ya kilima cha Kibuli, mahali ambapo treni ikipita vikombe hugongana kabatini. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzee ambaye majirani Waganda walimwita Jjajja na mimi nilimwita Bibi. Babu wa mumewe alikuja na misafara ya pwani zamani, wakazaliana hapo, wakafanya biashara ya nguo na kufundisha dini. Naye Bibi aliletwa bado msichana kutoka Mombasa, kuolewa. Kila alasiri watoto wa mtaa walijaa barazani kwake kusoma juzuu, na sauti zao zikipanda pamoja nilikuwa nafunga macho kidogo, kwa sababu hata kwetu Kasongo alasiri ilisikika hivyo.

Chumba alichonipa kilikuwa cha mwanawe. Kijana huyo alifanya kazi reli na siku moja alitoka kwenda Nsambya, kwenye nyumba za wafanyakazi wenzake, asirudi. Bibi aliniambia habari hiyo mara moja tu, akinionyesha msumari wa kutundikia shati. "Utundike hapo. Yeye akija mtagawana."

Alikuwa na watoto wawili tu. Wa pili, binti, aliolewa Mombasa. Miaka mitatu niliyokaa pale nilimsikia Bibi akimtaja binti yule kila siku, na mwanawe hakumtaja tena kamwe. Ndivyo nilivyojua ni nani aliyekuwa akimngoja.

Sasa niseme juu ya mbuzi. Bibi alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, ya zamani, ya kukunja, mbao zake zimekuwa nyeusi na kulainika kwa kukaliwa na wanawake wa miaka mingi. Mama mkwe wake aliipata kwa mama mkwe wake, nayo ilipanda kutoka pwani juu ya kichwa cha mtu. Namuwongo nazi ilikuwa kama mgeni wa heshima. Ilikuja mara chache kwa treni, na tangu mambo yaharibike haikuja kabisa. Kwa hiyo mbuzi ile ilikuwa kiti. Bibi aliweka gunia juu ya meno ili yasimkwaruze mtu, na alasiri, watoto wakishatawanyika, aliyeikalia alikuwa jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu, fundi wa cherehani. Huyo alikuwa Mkristo mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na kila alipoketi mbao zililia.

"Jjajja, kiti yako hii iko na meno. Siku moja itanikula."

"Haili watu. Inakula nazi."

"Basi inakufa njaa masikini. Miaka yote hii haijapata chakula."

Bibi alicheka. Nadhani ndiyo maana alitaka siku moja ile mbuzi irudi pwani, ikakalishwe jikoni kwa binti yake na kupewa nazi.

Tiketi ilikuja mwaka wangu wa tatu. Binti aliilipia Mombasa, jina la Bibi likatufikia ofisini kwetu, na mimi ndiye niliyeiandika, kwenda na kurudi, Entebbe hadi Nairobi, kutoka Nairobi hadi Mombasa. Majirani wakaambiwa anakwenda kumtazama binti aliyekaribia kujifungua, wiki mbili tu. Mimi aliniambia kweli tukiwa jikoni, akipepeta mchele ili sauti isitoke.

"Sirudi, mwanangu. Nimengoja, nimechoka kungoja. Lakini nikisema naondoka, kabla sijafika Entebbe nyumba hii itakuwa na mwenyewe mwingine."

Nilijua. Kila mtu alijua. Mtu aliyefunga vingi alikuwa anahama, na mtu anayehama aliulizwa kwa nini. Kwa hiyo alipaswa kwenda na sanduku moja, kama mgeni wa harusi.

"Vingine vyote naviacha," akasema. "Kitanda, kabati, vyombo, vyote. Nataka kufika na mbuzi. Itaingia?"

Nikamweleza masharti. Mkononi haiwezekani, kwa sababu ina chuma cha meno na miaka ile mikoba ya mkononi ilipekuliwa mno. Lazima iwe ndani ya sanduku, na sanduku lisizidi ishirini.

"Ishirini," akarudia. "Haya."

Nilimpa sanduku la ngozi la kahawia kutoka ghalani. Afande alisema nichukue hata mawili, yalikuwa yanamlia nafasi, na la pili nililiweka chini ya kitanda changu, kufuli yake imevunjika. Kisha nikaenda kazini siku kadhaa za shughuli nyingi, nikirudi usiku ulipoingia, na Bibi akafunga mzigo wake mwenyewe.

Siku niliyowahi kurudi nilimkuta barazani ameketi juu ya mkeka. Nilitazama pembeni, mahali pa mbuzi. Palikuwa patupu.

"Nimempa fundi," akasema. "Haikuingia. Nimepunguza, nimepunguza, nimetoa hata kanzu za marehemu mume wangu. Nikiiweka tu, inavuka."

"Umepima wapi, Bibi?"

"Kwa muuza nyama, pale relini. Kijana mwema, alinitundikia sanduku kwenye ndoana mara tatu. Ishirini kamili."

Nikaingia ndani nikalishika sanduku kwa mkono. Miaka mitatu nilikuwa nikiyainua masanduku ya watu hadi kwenye basi la Entebbe, na mkono ulishajua. Lile halikuwa ishirini. Lilikuja juu kama kikapu cha mboga.

Nilitelemka hadi kwa muuza nyama. Mizani yake ilining'inia kwenye mnyororo, ya zamani ya wakati wa Waingereza, uso wake umefifia na kuingia mafuta. Nikaisugua kwa kidole gumba. Ilikuwa ya ratili, siyo ya kilo.

"Kwani si ni moja?" muuza nyama akauliza. "Mimi kila mutu nampimia kwa hii. Serikali nasema kilo, mimi nasema sawa, kilo."

"Na watu wanalipa bei ya kilo?"

Akanitazama, akanoa kisu chake kidogo. "Wewe ulikuja juu ya nyama au juu ya maneno?"

Nilirudi nikicheka peke yangu njiani, jambo ambalo halikuwa salama mjini siku hizo. Nikamwambia Bibi kwamba ratili ishirini hazifiki hata kilo kumi, kwamba sanduku lake lilikuwa halijafika hata nusu, kwamba alikuwa na nafasi ya kanzu za marehemu na mbuzi na zaidi. Hakuamini. Alinifanya niape. Kisha akajishika kifua kwa mkono.

"Lakini nimeshampa mtu," akasema. "Kitu ulichompa mtu humwambii nirudishie."

Sisi tuliosema hayo tulikuwa wawili, ila kuta za nyumba ile zilikuwa za udongo na barazani palikuwa na watoto wa juzuu. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba Jjajja ana nafasi.

Asiyekaa na watu wa asili ya pwani hawezi kuelewa mzigo wa msafiri. Mtu akisafiri anabeba salamu, na salamu kwa watu wale ina uzito. Wakati ule zaidi, kwa sababu barua zilifunguliwa njiani na nyingine hazikufika, lakini kifurushi kilichoshonwa ndani ya kitambaa kilifika. Alikuja mke wa mwalimu na mkeka mdogo wa kusalia kwa ajili ya dada yake wa Kisauni, kule Mombasa. Walikuja mabinti wawili na ulezi uliosagwa. Muuza nyama, kwa aibu nadhani, alileta nyama iliyokaushwa kwa moshi, ya kumpelekea shangazi wa Nairobi. Mzee mmoja wa Kyebando alitembea mpaka kwetu na jozi ya makubadhi aliyomshonea ndugu yake. Mwingine alileta buni zilizochemshwa na majani, zile za kutafuna, na hizo peke yake Bibi alizikataa, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kuwa kahawa ni sharti lisiloandikwa kitabuni: ukikamatwa nayo barabarani ni magendo, hakuna anayekuuliza kilo.

Vingine vyote alivipokea. Angewezaje kukataa? Anayekwenda wiki mbili hana sababu ya kusema sina nafasi, na nafasi ilikuwa imetangazwa. Kila kifurushi alikipokea kwa mikono miwili, akauliza habari za mwenye kupelekewa kwa jina, akakiweka sandukuni. Usiku huo nililiinua tena. Mkono ukaniambia ishirini, zamu hii za kweli.

Asubuhi fundi alikuja. Kawaida tulimsikia kabla ya kumwona, lakini siku ile aliingia kimya, amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitenge kipya. Akakiweka mbele ya Bibi bila kukaa. Hapakuwa na kitu cha kukalia. Kiti kilikuwa ndani ya kitenge.

"Yako hii," akasema.

"Nilikupa."

"Ulinipa, mi nikapokea, nikafurahi. Nikaenda nayo kwangu. Nikaikalia." Akafuta jasho la shingo. "Nikajiuliza, mutu ya wiki mbili anatoa kiti ya mama mkwe wake?"

Nilikuwa mlangoni na mswaki mdomoni, nikabaki hivyo.

"Sikuuliza kitu, Jjajja. Siko nauliza. Nasema tu, hiyo kitu imekaa na njaa sana. Uipeleke kwenye kula."

Bibi akamvuta mkono akamkalisha mkekani, na wakakaa bega kwa bega wakitazama treni ya mizigo ikipita, ndefu, vikombe vikilia ndani. Hawakulia wao. Fundi alisema tu, treni ilipokwisha, "Sasa mi nitakaa wapi alasiri?" na wote wawili wakacheka, halafu hawakuweza kuacha.

Basi mbuzi ilikuwa imerudi, na sanduku lilikuwa limejaa. Nilihesabu mara mbili gharama ya kilo tatu zilizozidi kwa nauli ile ya daraja la kwanza, nikaona haiwezekani. Hata ingewezekana, nani angelipia kiti cha mbao pesa nyingi hivyo bila kuangaliwa? Bibi alipendekeza kanzu za marehemu, alizokuwa amezirudisha sandukuni, azitoe azivae zote tano chini ya buibui. Alijaribu. Alitoka chumbani amesimama kama gunia la pamba, mikono haishuki, akaniuliza kama atapita mlango wa ndege. Nilicheka mpaka nikaketi chini, naye akacheka, lakini alipozivua niliona macho yake yalikokwenda: kwenye kitenge, pembeni.

"Kuna vifurushi vya watu," nikasema. "Tukivitoa—"

"Vya watu havitoki."

Hilo lilikuwa jibu lake, na nilijua ndilo. Afadhali aache mbuzi kuliko ndugu wa Kisauni akose mkeka wa dada yake.

Ndipo nikakumbuka kitabu, watu wawili wa safari moja. Na nikakumbuka kwamba wakala alimpa mfanyakazi tiketi ya bei ya chini mara moja kwa mwaka, na mimi sikuwahi kuitumia hata mara moja, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwendea. Kampala nzima nilikuwa na mashati mawili zaidi ya lile nililokuja nalo. Nilikuwa na haki ya kilo ishirini na sikuwa na kitu cha kuweka humo.

Nilikwenda kwa afande. Alikuwa akila ndizi za kuchoma juu ya meza ya mwenye ofisi wa zamani.

"Mombasa? Kufanya nini?"

"Kutembea, afande. Sijawahi kuiona."

"Utarudi?"

"Tiketi ni ya kwenda na kurudi."

Akasaini, akaisukuma kwangu na alama ya kidole chenye mafuta. "Tiketi narudi yenyewe? Mutu ndiyo narudi." Alisema bila ukali. Sijui alijua nini. Mtu yule sikumpenda, lakini leo nikimkumbuka akila ndizi pale peke yake, ofisi tupu, ghala limejaa masanduku, huwa naona alijua mengi.

Mimi mwenyewe sikujua. Nilijiambia nitamfikisha Bibi Mombasa, nitaona bahari, nitarudi kazini. Lakini jioni ile nilitembea mji wote kwa miguu, kitu nilichokuwa sijafanya tangu wiki yangu ya kwanza. Nilipanda Nsambya nikapita mbele ya hospitali, wagonjwa wakiota jua la mwisho kwenye nyasi, kengele ya kanisa ikigonga. Nikapita nyumba za reli, zile alizokwenda yule ambaye nililala kitandani mwake. Nilizitazama kila mlango. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulinuka kama chungu kipya. Mtu hatembei mji hivyo akiwa anarudi baada ya wiki.

Mtaa uliposikia kwamba na mimi nakwenda, na kwamba nina kilo zangu, vifurushi vikaja tena, zamu hii kwa jina langu. "Mukongo ana nafasi." Tulipanga upya. Kanzu na mbuzi zikaingia sanduku la Bibi. Vya watu vyote vikahamia kwenye sanduku langu lenye kufuli iliyovunjika, na juu kabisa Bibi akaweka mashati yangu, ameyapiga pasi. Nikaleta ile kamba ya katani. Aliichukua mkononi mwangu, akaizungusha sandukuni, akaweka goti juu, akakaza fundo. Kisha akakaza tena.

"Usilifungue ovyo njiani," akasema.

Nilitoka nje kidogo.

Asubuhi ya kuondoka, fundi hakuja kuaga. Tulisikia cherehani yake upande wa pili wa ukuta, ikienda mbio, ikisimama, ikienda mbio tena. Bibi alipita karibu na dirisha lake akagonga ukuta kwa kiganja mara moja. Cherehani ikasimama. Tukaenda.

Njia ya Entebbe ilikuwa na kizuizi. Askari alipanda basini, akashusha watu na mizigo. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akafungua sanduku la Bibi, akainua kanzu, akatoa mbuzi.

"Hii kitu gani?"

"Kiti cha kukunia nazi, baba."

Akaikunjua. Akaona meno, akayagusa kwa kidole. Niliwaza maneno kumi ya kusema na yote yalikuwa mabaya. Bibi akatangulia. Akaiweka chini kwenye lami, akaketi juu yake, mwanamke mzee wa buibui katikati ya barabara, na kwa mikono mitupu akaonyesha: unashika hivi, unazungusha hivi, nazi inadondoka hivi. Alikuna nazi isiyokuwapo mpaka ikaisha. Askari alimtazama mpaka mwisho.

"Mama yangu alikuwa nasaga simsim hivi," akasema. "Lakini kwa jiwe." Akaikunja mwenyewe, akairudisha chini ya kanzu, akalifunga sanduku. Langu aliangalia fundo, akalivuta, halikulegea, akaachana nalo.

Uwanjani tulisimama mbele ya mizani pamoja. Nilimwambia karani, kijana niliyekuwa nampigia simu kila siku na sijawahi kumwona, kwamba sisi ni wa safari moja.

"Wewe na huyu?"

"Mwanangu," Bibi akasema.

Akaweka sanduku la kwanza, akaweka la pili juu yake. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia. Bibi alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua.

"Thelathini na saba," karani akasema. "Bado mna kilo tatu."

"Tatu?" Bibi akageuka kunitazama. "Tatu, mwanangu. Ningebeba kile kinu kidogo cha iliki. Ningebeba..." Akaanza kuhesabu kwa vidole vitu vya jikoni kwake, kijiko cha mti, chungio, birika lenye mdomo uliopinda, na kila kimoja alikitaja kwa upole kama mtu anayewaita watoto ndani. Alipofika kwenye msumari wa kutundikia shati alikunja vidole.

Karani akafunga vikaratasi vya safari, kimoja kwenye kishikio cha Bibi, kimoja kwenye kamba ya katani kwa sababu kishikio changu kilikatika. Watu wawili wakayachukua masanduku wakayatupa kwenye mkokoteni. Niliyafuata kwa macho kupitia kioo, hadi kwenye ndege, nikitafuta rangi ya kamba.

"Na mzigo wako wewe?" Bibi akauliza. "Hivyo vyote si vya watu?"

"Ndio huo huo, Bibi."

Akanitazama vizuri, akarekebisha kola ya shati langu, kisha tukatoka nje kuelekea ngazi. Upepo wa ziwa ulikuja na harufu ya nyasi zilizoungua. Nilipanda nyuma yake, polepole, kwa sababu chini ya buibui alikuwa amevaa kanzu moja ya marehemu, na ilikuwa ndefu.